Leza au kekee: ipi itamfaa mtoto anayeogopa kuziba jino?

Mtoto wa miaka sita aliingia chumbani akiwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa hajaona sindano wala mashine. Nilipomsalimia aliitikia kwa kichwa, mikono ikiwa palepale. Mama yake akaniambia, "Anti, huyu nimeshamwambia akisumbua daktari atamchoma sindano kubwa. Atatulia." Hakutulia. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, juu ya gego la chini, kazi ya robo saa. Siku ile hatukuligusa. Tulimpangia tarehe nyingine.

Kwa miaka mingi nimekaa upande wa kushoto wa kiti cha meno, nikishika mpira wa kunyonya mate na kumpa daktari vifaa. Ukiwa upande huo unamwona mtoto vizuri kuliko daktari anavyomwona, kwa sababu yeye anatazama jino, wewe unatazama macho, vidole na miguu. Nilianzia kwenye chumba chenye kekee peke yake, kisha nikahamia kliniki yenye leza pia. Tangu hapo wazazi huniuliza swali lilelile: tuongeze hela tupate leza ili mtoto asiogope? Na mimi huwauliza: anaogopa nini hasa? Sauti? Mtetemo? Sindano? Kukaa muda mrefu mdomo wazi? Au maneno aliyoyasikia nyumbani? Leza inaondoa baadhi ya hayo, mengine inayaacha yalivyo, na inaleta mawili matatu ya kwake.

Kila kimoja kinavyofanya kazi

Kekee, ambayo wengi tunaiita mashine ya kuchonga, huendeshwa kwa hewa yenye shinikizo. Ncha yake ya almasi au chuma kigumu huzunguka mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika huku ikirushiwa maji ili jino lisichemke. Mashine za hewa za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1957. Ipo na ndugu yake ya mwendo wa taratibu, isiyozidi mizunguko 40,000 hivi, ambayo daktari huitumia akikaribia chini ya tundu. Hiyo ya taratibu ndiyo inayotetemesha taya mpaka mtoto akahisi kichwa kizima kinanguruma.

Leza inayochonga jino ni ya erbiamu. Mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 2,940 au 2,780, kutegemea aina, na katika vipimo hivyo mwanga hufyonzwa sana na maji. Maji yaliyomo ndani ya jino hugeuka mvuke kwa ghafla na kubandua vipande vidogo mno, pigo baada ya pigo. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko enameli (gamba gumu la nje la jino) isiyooza, kwa hiyo ndiyo inayobanduka upesi. Marekani iliruhusu leza ya erbiamu kwa kazi ya kuchonga meno mwaka 1997, hivyo si kifaa cha jana, ingawa kwetu bado ni kigeni.

Hapa niweke tahadhari ambayo natamani kila mzazi aisikie kabla ya kulipa. Leza si moja. Kuna leza ya dayodi, ndogo na ya bei nafuu, na kliniki nyingi zinazoandika "tunatumia leza" kwenye matangazo huwa na hiyo. Ni nzuri kwa ufizi na nyama za mdomoni, lakini haiwezi kuchonga jino. Mzazi anafika amemwahidi mtoto kwamba leo hakuna mashine, kumbe jino lenyewe litachongwa kwa kekee ileile. Mtoto aliyeahidiwa kitu akakuta kingine ni mgumu kumrudisha kwenye kiti, na hana kosa.

Sauti

Mlio wa kekee ni mwembamba na mkali, kama mbu mkubwa aliye sikioni. Watoto wengi wameshausikia kutoka chumba cha pili wakiwa bado kwenye benchi, na woga umeanzia hapo. Leza haina mlio huo. Inatoa pa-pa-pa-pa kavu, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mtoto ambaye hajawahi kuisikia hana kumbukumbu mbaya nayo, na hiyo ni nusu ya ushindi.

Lakini msidanganywe kwamba chumba kinakuwa kimya. Mpira wa kunyonya mate unaendelea kuvuma, tena kwa leza tunautumia kwa nguvu zaidi kwa sababu ya maji na ukungu unaoruka. Kwa mtoto mwenye usonji anayeumizwa na kelele, nimeona mvumo huo ukimsumbua kuliko mlio wa kekee. Nimeona pia watoto wakishtuka kwa pigo la kwanza la leza. Daktari mzuri hulipigisha kwanza hewani, nje ya mdomo, mtoto akalisikia na kucheka, ndipo analisogeza kwenye jino.

Mtetemo na maumivu

Hapa leza inaongoza waziwazi. Ncha yake haikandamizi jino wala haizunguki, kwa hiyo mtetemo unaopita kwenye mfupa haupo. Mtoto husikia maji ya baridi, vipigo vidogo, wakati mwingine mchomo wa haraka unaopita. Sikusema hasikii chochote. Tundu likikaribia kiini cha jino, pale penye mishipa ya fahamu, leza nayo inauma, na anayekuahidi "hakuna maumivu kabisa" anauza.

Mwaka 2016 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, ilichapisha mapitio ya leza dhidi ya kekee katika kuondoa uozo. Yalikuwa majaribio 9 yenye washiriki 662, watoto na watu wazima. Katika kuondoa uozo wenyewe haikuonekana tofauti ya maana kati ya njia hizi mbili. Kwenye maumivu na haja ya ganzi, mizani ilielemea upande wa leza, ila waandishi walisema wazi kwamba ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo. Hivyo ndivyo nilivyoona na mimi kutoka kwenye kiti changu: jino linazibwa sawasawa kwa njia zote mbili, tofauti iko kwa aliyelala kitini.

Na maumivu ni kitu kimoja, woga ni kingine. Mtoto aliyekuja tayari anatetemeka hatatulizwa na jina la mashine. Kwake kila kitu kinachosogea mdomoni ni adui, kiwe cha mwanga au cha chuma.

Sindano

Ukiniuliza ni kitu gani hasa kinachowafanya wazazi waombe leza, nitasema sindano. Na kweli, matundu mengi ya juujuu na ya kina cha kati yanaweza kuchongwa kwa leza bila ganzi. Daktari huanza na nguvu ndogo, anapanda taratibu, na mtoto akiinua mkono anasimama. Lakini kumbuka kwamba tundu dogo la jino la utoto mara nyingi huchongwa hata kwa kekee bila sindano. Kwa hiyo usilinganishe "leza bila sindano" na "kekee yenye sindano" kama kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Muulize daktari: kwa tundu hili, kwa kina hiki, ukitumia kekee utachoma?

Ganzi yenyewe ikitolewa vizuri si adhabu. Kwanza hupakwa jeli kwenye ufizi uliokaushwa, ikaachwa dakika moja au mbili, kisha dawa inaingizwa polepole sana. Kasi ndiyo inayouma kuliko hata ncha. Mtoto hupimwa uzito kwanza, kwa sababu kiwango cha dawa hufuata kilo zake.

Kinachonisumbua mimi ni kinachofuata nyumbani. Mdomo hubaki na ganzi saa mbili hadi tatu baada ya kazi kwisha, na mtoto mdogo huuona kama mchezo. Namkumbuka mvulana mmoja aliyerudishwa asubuhi yake, mdomo wa chini umevimba kama nundu, ndani kuna utando mweupe wa manjano. Baba yake alikuwa na hasira, akidhani tumemwambukiza usaha. Mtoto alikuwa ameutafuna mdomo wake mwenyewe kwenye daladala wakati wa kurudi, kwa sababu haukuwa unauma. Vidonda hivyo hupona vyenyewe kwa siku kadhaa. Tulipaswa kumwambia baba akae naye akimtazama, asimpe chakula mpaka ganzi iishe, na siku ile hatukusisitiza vya kutosha. Leza ikifanyika bila ganzi, tatizo hili halipo kabisa, na kwa mtoto wa miaka mitatu minne hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyoihesabu.

Muda

Hapa kekee inashinda, na wauzaji wa leza hawapendi kulisema. Leza huchukua muda mrefu zaidi kuchonga tundu lilelile, hasa enameli ngumu isiyooza inapotakiwa kufunguliwa ili kufikia uozo wa chini. Mara nyingi daktari humalizia kwa kijiko cha mkono au kekee ya taratibu. Kwa mtoto mtulivu, dakika chache za nyongeza si kitu. Kwa yule ambaye miguu yake haitulii hata akila wali, dakika hizo ndizo zitakazoharibu kila kitu. Nimeona watoto waliovumilia leza vizuri kabisa kwa dakika kumi, kisha wakachoka taya, wakaanza kulia kwa uchovu. Kekee ingekuwa imeshamaliza.

Miwani na harufu

Kwa leza kila aliye chumbani anavaa miwani maalumu inayozuia mwanga wa leza hiyo: daktari, mimi, mtoto, na mama aliyesimama kwenye kona. Watoto wengine wanaipenda, wanajiona marubani. Wengine wanaing'oa kila sekunde kumi. Hakuna mjadala hapo, ikitoka machoni leza inazimwa. Ukiingia kliniki wakawasha leza na mtoto wako hajavishwa miwani, mnyanyue uondoke naye.

Harufu nayo ipo. Jino likichongwa kwa leza hutoa harufu kama ya nywele zilizoungua kidogo, na kuna mtoto aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini, "Anti, mnanichoma?" Nikamwambia hapana, huo ni uchafu wa jino unatoka, akatulia. Angeambiwa mapema asingeogopa.

Leza isipofaa

Jino lenye kijazo cha zamani cha chuma halichongwi kwa leza, kwa sababu chuma hurudisha mwanga, hupata joto, na zebaki iliyomo inaweza kutoka kama mvuke. Jino linalohitaji kofia ya chuma na kuchongwa pande zote ni kazi ya kekee. Na jino linalomwamsha mtoto usiku likimuuma pasipo kula kitu, au lenye kipele cha usaha kwenye ufizi, halina habari tena na ulinganisho huu. Hapo tunazungumzia kutibu kiini au kung'oa, na ganzi itahitajika kwa vyovyote vile. Wazazi wengi hutufikia katika hatua hiyo, wakiwa wamesubiri kwa kuwa "ni jino la utoto, litang'oka lenyewe". Gego la utoto hukaa mpaka miaka kumi au zaidi. Mtoto wa miaka mitano mwenye gego bovu ana miaka mingine mitano ya kulitafunia.

Njia ya tatu, iliyozaliwa hapa kwetu

Ukiwa mbali na mji, au huna hela ya leza, usidhani kilichobaki ni kekee tu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, kwenye mpango wa afya ya kinywa wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba kwa saruji ya glasi ayonoma inayotoa floraidi. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo umeme wala maji ya bomba. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono Siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994, na leo inafundishwa duniani kote kwa jina la ART.

Kwa mtoto mwoga, njia hii ni kama imetengenezwa kwa ajili yake. Hakuna mlio, hakuna mtetemo wa mashine, sindano ni nadra. Kinachosikika ni kijiko kidogo kikikwangua, krr, krr, na daktari akizungumza. Uozo laini unatolewa, ule mgumu wa chini unaachwa, saruji inakandamizwa kwa kidole chenye glovu. Kwa tundu la upande mmoja, hasa la juu ya gego, inadumu vizuri. Kwa tundu lililokula pande mbili za jino, inadhoofika na hubanduka mapema zaidi. Inanisikitisha kwamba mzazi wa Dar anaweza kuijua leza ya Marekani na asijue kitu kilichoanzia mjini kwake.

Ipo pia dawa ya maji ya fedha na floraidi, silva daiamini floraidi ya asilimia 38, ambayo hupakwa tu kwenye tundu na kuzuia uozo usiendelee. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tii na kubaki hivyo, kwa hiyo kwa meno ya mbele zungumzeni kwanza. Kwa mtoto wa miaka miwili asiyeweza kukaa kitini kwa njia yoyote, ningeichagua kabla ya leza.

Ningemchagulia nani nini

Mtoto wa kuanzia miaka mitano hivi, anayeweza kukaa robo saa hadi dakika ishirini, mwenye tundu la kina cha kati, ambaye tayari alichongwa zamani akaumia na sasa mlio ule unamtoa jasho: huyu ndiye ambaye leza inamfaa kweli, na kama una uwezo, lipa. Yule anayeogopa sindano kuliko kitu kingine pia, ilimradi daktari ameangalia picha ya eksirei na kukuhakikishia kwamba tundu halijafika kwenye kiini.

Mtoto asiyetulia, au mwenye meno manne ya kuzibwa na nauli ya safari moja, apelekwe kwenye kekee, kwa daktari mwenye mkono mwepesi, kazi iishe. Asiyewahi kuingia kwenye chumba cha meno hana sababu ya kuanza na mashine yoyote. Aanze na vijiko vya mkono au na dawa ya kupaka, azoee kiti.

Kuhusu bei, mashine ya leza ya erbiamu inagharimu makumi ya maelfu ya dola, na gharama hiyo inarudi kwenye bili yako. Bima nyingine hulipia "kuziba jino" bila kujali limechongwa na nini, tofauti unatoa mfukoni. Uliza kabla ya kumkalisha mtoto.

Chochote utakachochagua, kuna kazi ambayo mashine haitakufanyia. Usimtishie mtoto kwa daktari. Usimwambie "hutaumia hata kidogo", mwambie daktari atahesabu meno yake, atayaosha yale yenye uchafu, na akitaka kupumzika ainue mkono. Tangu mwaka 1959 madaktari wa watoto wamefundishwa utaratibu wa hatua tatu: mwambie, mwonyeshe, kisha mfanyie. Unafanya kazi kwa kekee kama unavyofanya kwa leza. Yule mtoto wa viganja viwili alirudi wiki mbili baadaye, safari hii na bibi yake. Bibi hakumwambia lolote kuhusu sindano. Mtoto akamwamkia daktari, "Shikamoo," daktari akaitikia, akampa kioo kidogo cha meno akishike mwenyewe, akamwagia maji ya kekee kwenye kiganja ili aone yalivyo ya baridi. Mtoto akaomba yamwagwe tena. Jino lile lilizibwa kwa kekee ya kawaida, bila leza wala sindano, mkono mmoja ukiwa umeshika kioo na mwingine umeshika kidole changu.

Ukiipigia simu kliniki, waulize haya: leza yenu ni ya erbiamu au dayodi? Mna miwani ya ukubwa wa mtoto? Daktari ameitumia kwa watoto wangapi hivi? Mtoto akiinua mkono katikati, mnasimama? Na je, naweza kumleta siku moja kabla, akae tu kwenye kiti, apande na kushuka, kisha turudi nyumbani?